Almasi 20 kwa sekunde

Hapa Stockholm watu huhesabu mwaka kwa wiki. Ukiuliza likizo ya watoto ya majira ya baridi itaanza lini, hutajiwi tarehe. Unaambiwa "wiki ya 9", halafu ukatafute mwenyewe kwenye kalenda. Basi ilikuwa wiki ya 9. Nje barafu, ndani mtoto wa miaka 12 na kompyuta yake, nami jikoni nakaanga vitumbua. Nikasikia naitwa: "Mama, njoo uone. Haifanyi kazi."

Mwenye mtoto wa umri huo ughaibuni anajua mwito kama huo ulivyo adimu. Mambo ya shule na ya kompyuta mwanangu huyazungumza kwa Kiswidi, na wenzake. Kiswahili kimebaki cha chakula, cha kulala na cha kugombezwa. Nikazima jiko, nikafuta mikono, nikaenda.

Alikuwa ndani ya Minecraft. Watoto wenu wanaijua hata kama ninyi hamuijui, ila wengi hawajui kwamba imezaliwa mji huu huu. Markus Persson aliutoa mchezo huo kwa watu mara ya kwanza mwaka 2009, kampuni yake ya Mojang ikaweka ofisi Södermalm, toleo kamili likatoka Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft wakainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 2.5. Dunia ya mchezo huo imejengwa kwa matofali: ya udongo, ya mawe, ya dhahabu. Watoto wengi hujenga tu, nyumba na ngome na mashamba ya miwa. Lakini tangu mwaka 2012 kuna tofali moja la namna ya peke yake, tuliite tofali la amri. Unalifungua, unaliandikia sentensi moja ya amri, nalo linaitekeleza. Mtoto akishafika hapo anautungia mchezo sheria zake mwenyewe.

Sheria aliyotaka kutunga mwanangu ilikuwa fupi. Ameweka tofali la dhahabu katikati ya uwanja. Mchezaji atakayesimama juu yake apate almasi. Ameandika hivi:

execute as @a at @s if block ~ ~-1 ~ gold_block run give @s diamond

Msiogope. Nilimwambia anisomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, maana macho yangu yalikuwa yanaona mende waliotembea na wino. Akasoma, kwa kusitasita: kwa kila mchezaji, pale alipo, kama tofali lililo hatua moja chini yake ni la dhahabu, basi mpe almasi. Lile neno if ndilo "kama". Neno run ndilo "basi fanya". Alama tatu za wimbi ni mahali: palepale, hatua moja chini, palepale.

"Kwa hiyo sheria yako inasemaje, kwa kifupi?"

"Kama mtu anasimama juu ya dhahabu, anapata almasi."

Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, ugonjwa huo haunitoki. Nikamrekebisha papo hapo: "Mwanangu, hatusemi hivyo. Sema: mtu akisimama juu ya dhahabu, hupewa almasi."

Akarudia vizuri kabisa, akisimama, hupewa. Kisha akabonyeza kitufe, akatembea hadi kwenye dhahabu, akasimama. Hakuna kitu. "Unaona? Nimesema sawa, lakini haifanyi."

Tulikaa pale kama robo saa. Aliyegundua kosa ni yeye, si mimi, na aliligundua kwa sababu alibonyeza kitufe kwa bahati mbaya huku tayari amesimama juu ya dhahabu. Almasi ikadondoka mkobani. Akashuka, akapanda tena: hakuna. Akabonyeza akiwa juu: ipo.

Tofali lake lilikuwa la rangi ya chungwa, na tofali la chungwa huuliza swali mara moja tu, pale kitufe kinapobonyezwa. Je, sasa hivi, katika nukta hii, yuko juu ya dhahabu? Hayupo. Basi, kazi imekwisha, likalala. Halikumsubiri afike. Yeye alipotembea kwenda kwenye dhahabu hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa anatazama.

Hapo ndipo nilipoona haya kidogo, na ndiyo sababu naandika habari hii mwezi huu badala ya ile ya fomu za kodi niliyowaahidi. Sentensi yangu nzuri ndiyo iliyotuficha kosa. Ile -ki- yetu ni kiungo chenye kazi nyingi. "Ukifika Arlanda, nipigie": hapo -ki- inasubiri; haiulizi sasa hivi umefika au la, inakaa macho mpaka ndege itue. "Nikinywa kahawa usiku, silali": hapo inasema kila mara, usiku wowote, mwaka mzima. Sisi tuliozaliwa ndani ya lugha tunajua bila kufikiri ni ipi, maana mazingira ya maneno yanatuambia. Mashine haina mazingira. Inajua "kama, sasa hivi" na haijui kingine. Kile Kiswahili cha mtoto kilichonikera, "kama mtu anasimama", kilikuwa karibu zaidi na jinsi mashine inavyofikiri kuliko changu. Amekichukua kwenye Kiswidi, ambako om ni "kama" na när ni "wakati", maneno mawili mbalimbali, na shuleni wanakazaniwa wasiyachanganye.

Sisemi watoto waachwe waseme wapendavyo. Nasema tu kwamba siku ile nilimrekebisha kabla sijaelewa alichokuwa anajenga.

Haya, dawa ilikuwa nini? Mwaka 2016 mchezo uliongezewa matofali mengine mawili ya amri, la zambarau na la kijani. La zambarau hurudia. Ukiliweka liwe macho daima, huuliza swali lake kila mpigo wa saa ya mchezo, na saa hiyo hupiga mara 20 kwa sekunde. Juu ya dhahabu? Hapana. Juu ya dhahabu? Hapana. Juu ya dhahabu? Ndiyo, mpe. Hivyo ndivyo -ki- ya "kila mara" inavyotengenezwa kwa mikono: chukua "kama, sasa hivi", ulizungushe bila kuchoka. Vitabu vya kompyuta huuita mzunguko huo kitanzi. Mimi neno hilo silipendi, kwetu kitanzi ni cha kunyongea mtu, nami nikiwa na mtoto nasema marudio. Mwanangu alipouliza kama Kiswahili kina neno la tofali la zambarau nikamwambia kina hata chini ya neno: hu-. Jogoo huwika. Maji hufuata mkondo. Haina jana wala kesho, haisemi lini itaacha.

Akabadilisha rangi. Akapanda juu ya dhahabu.

Wapenzi wasomaji, mkoba wa mchezaji una nafasi 36, na kila nafasi hubeba almasi 64. Hiyo ni almasi 2,304. Kwa almasi 20 kila sekunde, mkoba mtupu hujaa kabla ya dakika 2 kwisha. Ulipojaa zikaanza kumwagika miguuni, zikaruka huku na huku, naye anacheka hadi anashika tumbo, nami pia. Tajiri mkubwa kuliko wote Husby, na hajafanya kazi yoyote.

Kicheko kilipoisha akanuna. "Nataka moja tu. Akisimama, moja." Safari hii alitumia -ki- mwenyewe, bila kusukumwa.

Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza mtu yeyote anayegawa sadaka mlangoni: huyu aliyesimama mbele yako, umeshampa au hujampa? Akanitazama. Tofali haliwezi kujua. Kila mpigo kwake ni siku ya kwanza ya dunia. Halikumbuki hata kilichotokea sehemu ya ishirini ya sekunde iliyopita. Likitakiwa kukumbuka, lazima mtu aliandikie mahali. Mchezo unaruhusu kumbandika mchezaji alama isiyoonekana, na jina la alama unachagua wewe, kwa lugha yoyote mradi utumie herufi za kawaida. Mwanangu alifikiri kidogo akaandika: amelipwa.

Amri yake ikawa hivi:

execute as @a[tag=!amelipwa] at @s if block ~ ~-1 ~ gold_block run give @s diamond

Ile alama ya mshangao ni "si". Kwa hiyo @a[tag=!amelipwa] ni wachezaji wote wasio na alama ya amelipwa. Kwa Kiswahili ni neno moja tu, na kwa hilo nilijitapa: hawajalipwa. Ile -ja- imebeba kila kitu, kwamba jambo halijatokea na kwamba mlango bado uko wazi litokee. Kiswidi kinahitaji maneno mawili, inte ännu. Nikamwona anaonja lile neno kimyakimya mdomoni. Hajalipwa. Ameshalipwa.

Baada ya hapo lazima alama ibandikwe. Hiyo ni kazi ya tofali la kijani, ambalo huunganishwa nyuma ya la zambarau na kufuata zamu yake:

execute as @a at @s if block ~ ~-1 ~ gold_block run tag @s add amelipwa

Mara ya kwanza alikosea mpangilio. Amri ya kubandika alama aliitanguliza, ya kutoa almasi ikafuata. Matokeo: kila aliyepanda alihesabiwa amelipwa, na hakuna aliyeona almasi. Nikamwambia hilo nalijua vizuri sana, ziko ofisi nimewahi kuzihudumu ambazo umeshasaini karatasi ya kupokea na bahasha hujaiona. Hakuelewa mzaha. Kapate kukua.

Alipogeuza mpangilio, mambo yakaenda: unapanda, unapata moja, basi. Lakini kesho yake rafiki yake alikuja, wa ghorofa ya 3, akacheza, akalalamika: ukishalipwa umelipwa maisha, hata ukiondoka na kurudi wiki ijayo. Ndipo wakaongeza tofali jingine la kijani, lenye neno unless, yaani "isipokuwa":

execute as @a at @s unless block ~ ~-1 ~ gold_block run tag @s remove amelipwa

Asiyekuwa juu ya dhahabu, mwondolee alama. Akirudi ataonekana mgeni, atalipwa tena. Dakika 5 hazikupita, yule rafiki akagundua kwamba huhitaji kwenda popote. Ruka tu palepale! Ukiwa juu kabisa ya mruko, tofali lililo hatua moja chini yako si dhahabu tena, ni hewa. Kwa nukta hiyo ndogo sheria inaamini umeondoka. Unatua, unalipwa. Basi wakaruka watoto wawili kama wanatwanga mpunga, kila mruko almasi moja.

Hapo palizuka mjadala, kwa Kiswidi chenye vipande vya Kiswahili. Mmoja akasema ni wizi, kwa sababu nia ya sheria haikuwa hiyo. Mwingine akasema sheria imeandikwa, na yeye ameifuata neno kwa neno. Waliishia kukubaliana kwamba kuruka ni kazi, na kazi ina ujira, kwa hiyo ibaki. Mimi nilikuwa nakunja nguo za kufua na sikuingilia.

Jioni tulimpigia babu Tanga. Shikamoo babu, marahaba mjukuu, huko baridi bado? Kisha mtoto akaanza kumweleza matofali, la chungwa na la zambarau, na babu akaitikia "ehee, ehee" kwa adabu, mpaka nikasema: "Baba, ni kama bao." Kumbe nilikuwa nimesema kweli zaidi ya nilivyokusudia.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, idadi ileile ya almasi zinazojaa nafasi moja ya mkoba. Mwanangu alilishika hilo upesi kuliko jambo lolote alilowahi kuambiwa kuhusu bao. Na zamu ya bao ni marudio yenye masharti ndani yake. Chota kete, zisambaze mojamoja. Angalia ya mwisho imeangukia wapi. Kama shimo lilikuwa tupu, lala, zamu imekwisha. Kama halikuwa tupu, na uko mstari wa mbele, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, unakula na kuendelea na ulizokula. Kama la mpinzani ni tupu, chota za kwako palepale uendelee. Rudia mpaka ulale. Na kuna sharti linalotaka kumbukumbu, kama alama yetu ya amelipwa: zamu uliyoianza bila kula, wenyewe wanaiita kutakata, huli tena hadi iishe, hata kete ikuangukie pazuri namna gani. Mchezaji hukumbuka kichwani ameanza vipi. Kwenye kompyuta ungeandika alama: anatakata.

Hayo ni machache. Habari za kichwa, za kimbi na za namu nimeziruka. Mzee anayekaa barazani alasiri na kusema "nikicheza hili nitalala pale" ameshaendesha marudio hayo yote kichwani, mzunguko baada ya mzunguko, kabla ya kugusa kete. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mabingwa wa bao Zanzibar na kutoa kitabu chake Leiden mwaka 1995, alishughulika na jambo hilohilo: mipaka ya akili ya mtu katika kuona mbali namna hiyo.

Mtoto akauliza: "Babu, na kama hulali? Kama inazunguka tu?"

Swali zuri, kwa sababu lipo. Watafiti wa hesabu za michezo wameonyesha kwamba kuna mipangilio ya kete ambayo ukiianza haina mwisho kabisa; kete zitazunguka hadi kiama. Waandishi wa programu wanalijua tatizo hilo, limewaumiza wote. Ndani ya Minecraft unaweza kuandika orodha ya amri ambayo mstari wake wa mwisho unasema "anza orodha hii upya". Bila kinga, kompyuta ingekwama hapohapo, skrini imeganda, feni inalia. Kwa hiyo mchezo umewekewa kikomo: mfululizo mmoja wa amri, usipobadilisha mipangilio, hukatwa ukifika 65,536. Hauulizi kama umemaliza. Tofali la zambarau lenyewe halina hatari hiyo, kwa sababu huuliza mara moja kwa mpigo kisha hupisha wengine.

Babu alijibu kwa mambo aliyoyaona: "Mimi miaka sitini sijaona kete zisizolala. Nimeona watu wasiojua kuhesabu."

Sasa nyie wenye watoto wanaorudi nyumbani na mambo haya. Hapa Sweden yamo katika mtaala wa shule ya msingi tangu Julai 2018, ndani ya hisabati na ndani ya teknolojia, na huko mliko huenda yamo pia. Msijitoe kwa sababu hamjui kuandika amri. Mwambie akusomee sheria yake kwa Kiswahili, halafu muulize kama mtu asiyeelewa, maana kweli huelewi: inauliza lini? Mara ngapi? Inajuaje kwamba imeshafanya? Itaacha lini? Mimi sikuwa na ujuzi mwingine zaidi ya hayo. Naye, kwa kutafuta maneno ya kunijibu, alizungumza Kiswahili saa 2 mfululizo, jambo ambalo halijatokea tangu safari yetu ya mwisho ya Tanga. Kwa walio wadogo zaidi kuna Scratch, ya bure, iliyotengenezwa MIT, Marekani. Hakuna kuandika, unapanga vipande vyenye maneno, na katika orodha ya lugha zake Kiswahili kimo. Binti wa dada yangu ana miaka 8 na ameshamfanya paka azunguke skrini mpaka aguse ukuta.

Mwanangu kwa sasa anajenga bao sakafuni mwa ngome yake, mashimo 32 katika mistari 4, na kete zake ni almasi. Nafasi moja ya mkoba imetosha. Kusambaza amekuweza, kulala amekuweza, kula kunampa taabu. Amekwama kabisa kwenye nyumba. Babu yake anasema ukila katika namu na kete ya mwisho ikaangukia nyumba yako ingali hai, una hiari: ulale, au usafiri. Hiari! Tofali halijui hiari, linajua ndiyo na siyo. Amefikiria kuweka vitufe 2 ukutani, kimoja "lala" na kimoja "safari", na zamu isimame imsubiri mchezaji abonyeze. Jirani yetu wa Mombasa naye anasema kwao nyumba ilichezwa kwa namna nyingine kidogo, na wamebishana na baba kwa simu bila kufikia mwafaka. Wazee wenu wanaichezaje? Tuandikieni, mtoto anasubiri sheria apate kuiandika.